Taa za jua Ubwari: malipo yafuate mwezi wa mvuvi

Jua likizama Ubwari, wavuvi wanasukuma mitumbwi ziwani na kuwasha taa za kuvuta ndagala. Nyumbani watoto wanasoma kwa taa ya mafuta, maana nyaya za SNEL hazifiki vijijini huku.

Wengi waliona hapa hakuna soko. Si Washikala Malango na Iongwa Mashangao. Wana hao wa Kivu Kusini walikimbilia Tanzania wakati wa vita, wakaishi kambini, na mwaka 2013 wakaanzisha Altech, kampuni inayouza taa za jua na majiko ya kupunguza makaa.

Mwanakijiji hakosi pesa kabisa. Kila juma ananunua mafuta. Kinachomshinda ni kutoa bei yote mara moja. Ndiyo maana siku hizi taa za jua huuzwa kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Asiyelipa, taa inajifunga.

Lakini mpango huo unamfaa zaidi mwenye mshahara. Mbalamwezi ikiwaka, ndagala hawafuati taa, na mvuvi anakaa siku kadhaa bila franka. Malipo yakidaiwa juma hilo, taa inazimwa kwa mtu ambaye, giza likirudi, angelipa bila shida.