Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wazee waliotuachia methali hii, nadhani, hawakukusudia kumcheka mfinyanzi, bali kutusuta sisi tunaonunua vyombo vyake. Chungu kinachochemsha maharage katika jiko la Kihesa huenda kimefinyangwa na mwanamke wa Kikisi kule Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Mlaji hamjui mwanamke huyo hata kwa jina.

Milima hiyo huteremka karibu moja kwa moja hadi majini, na mahali pa kulima ni finyu mno. Udongo wa mfinyanzi ndio shamba la akina mama wa Ikombe. Huuchimba, huutwanga, huondoa kokoto, huukanda kwa maji, kisha hukiinua chombo kwa mikono yao wenyewe. Kikishasimama hulainishwa, hupambwa na kuachwa kikauke taratibu. Hapo ndipo penye mtihani, kwa maana unyevu uliosalia ndani hugeuka mvuke motoni, na kazi ya siku kadhaa hupasuka kwa dakika moja. Uchomaji hufanyika uwanjani bila tanuri, na kipimo cha moto ni jicho la mama aliyefundishwa na mama yake. Vyombo vilivyosalimika husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo wachuuzi huvipeleka Tukuyu, Mbeya na kwingineko.

Kuanzia sokoni bei hupanda, lakini jina la mfinyanzi hubaki ufukweni. Mchuuzi naye si mwizi. Anabeba hatari ya kuvunjikiwa njiani, na barabara zetu tunazijua. Hata hivyo, aliyebeba hatari ya moto halipwi kwa kipimo hicho hicho.

Ndugu msomaji, huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, Wapueblo nao hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, na kwa desturi huchoma vyombo vyao nje. Miongoni mwao alikuwapo Bibi Maria Martinez wa kijiji cha San Ildefonso, aliyefariki mwaka 1980. Yeye na mumewe Julian walijulikana kwa vyombo vyeusi ving'aavyo, vyenye mapambo meusi yasiyong'aa. Katika miaka ya 1920 alianza kuandika jina lake kwenye vyombo, na wanunuzi wakalifuata jina hilo. Inaelezwa kwamba hata vyombo vya wenzake kijijini alivitia jina lake ili nao wapate bei nzuri. Huenda jambo hilo likawakera wakusanyaji wa vitu vya thamani, lakini sisi tuliolelewa katika siasa ya ujamaa tunalielewa bila kufafanuliwa.

Tusidanganyane, jina peke yake halileti fedha. Bibi Maria alikuwa na makumbusho na watalii waliomtangaza. Akina mama wa Kikisi wanahitaji ushirika wa kweli, siyo wa kwenye makaratasi, utakaouza mjini moja kwa moja, kila chombo kikichorwa alama ya mwenyewe kabla ya kuchomwa.

Hapa Iringa tuna Makumbusho ya Boma tangu mwaka 2016. Wakisi wa Ludewa walikuwa wananchi wenzetu wa mkoa huu hadi Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, basi wasihesabiwe wageni. Chungu chao kikiwekwa humo, kiandikwe jina la aliyekifinyanga, wala isitoshe kuandika "Kikisi".

Jambo lisilongoja ni machimbo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imevipa vijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Kila kijiji chenye udongo wa kufinyangia, uwe wa ziwani au wa kwetu huku Uhehe, kiutenge katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, kabla nyumba hazijajengwa juu yake.