Mashine ya Kupima Vipande vya Sekunde

Wenzangu hapa Bujumbura wapendao mambo ya redio hutamani kujua hasa vyombo vyao vinatetema mara ngapi kwa sekunde. Mmoja wao, kijana wa Buyenzi, aliniuliza kama yafaa atoe akiba yake yote anunue mashine iliyo ghali kuliko zote. Nilimwambia asinunue kwanza. Sababu zangu nazieleza hapa, huenda zikawafaa na wengine.

Mashine ya kawaida huhesabu mawimbi yapitayo katika sekunde moja. Yakiwa 10,000,000, huweza kukosea wimbi moja, na hapo ndipo usahihi wake unapokoma. Mashine ya kupima vipande vya sekunde hufuata njia nyingine. Hungoja mpigo wa kwanza, kisha wa pili, ikapima muda ulio kati yao. Kipimo chake ni nanosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Katika muda huo nuru husafiri sentimita 30 tu! Nanosekunde moja nayo ina pikosekunde 1,000.

Sasa tazameni mashine zenyewe. HP 53131A hutenganisha pikosekunde 500, kibao kidogo kiitwacho TICC, cha chama cha TAPR cha Marekani, kama 60, SR620, 25, na HP 5370B, 20. Atazamaye tarakimu tu ataikimbilia hiyo ya mwisho.

Lakini je, mizani ya muuza mukeke ikiwa na alama ndogo ndogo, na jiwe lake ni bovu, itatoa uzito wa kweli? Haiwezi. Jiwe la mashine hii ni saa inayoiongoza. Saa ya kwatzi ya kawaida huweza kukosea sehemu moja katika milioni. Basi katika mitetemo 10,000,000 utakosea 10, hata mashine ikikuonyesha tarakimu kumi na mbili. Kwatzi iliyowekwa ndani ya tanuri dogo ni bora zaidi, lakini yataka kuwaka siku nyingi bila kuzimwa. Umeme ukikatika, hurudi mwanzo. Kwa hiyo fedha ya betri itoke kabla ya fedha ya mashine.

Saa njema ya bei nafuu iko juu ya vichwa vyetu. Satelaiti za GPS zina saa za atomu, na kipokezi kidogo hutoa mpigo mmoja kila sekunde. Gawanya mitetemo ya chombo chako mpaka nayo itoe mpigo mmoja kwa sekunde, kisha upime kila mara umetangulia au umechelewa kiasi gani. Mpigo wa GPS wenyewe huyumba, pengine kwa makumi ya nanosekunde. Pikosekunde 20 zitakufaa nini hapo?

Dawa yake ni muda. Kosa la nanosekunde 20 katika sekunde 1 ni kubwa. Ukipima kwa sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, kosa lile lile limegawanywa mara 1,000.

Basi shauri langu ni hili: kwanza kipokezi na antena mahali penye uwazi, pili betri, tatu saa nzuri, mwisho mashine ya nanosekunde 1, au kibao cha TICC, ambacho hutaka saa ya nje ya mitetemo 10,000,000. Mengine ni kungoja. Mvumilivu hula mbivu.