Ndoa, Mahari na Afya ya Akili ya Vijana wa Masisi na Walikale

Tafiti nyingi za afya ya akili zimeonyesha kwamba watu wenye ndoa huwa na huzuni na wasiwasi kidogo kuliko makapera, na kwa sababu hiyo ndoa imezoeleka kuchukuliwa kama kinga. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake kuhusu kujiua kilichotoka mwaka 1897, aliona jambo hilo hilo katika takwimu za Ulaya, lakini aliona pia kwamba wanaume waliooa wakiwa bado na umri wa miaka 15 hadi 20 walijiua zaidi, si kidogo, kuliko wenzao wasiooa. Wataalamu waliomfuata hutoa maelezo mawili: la kwanza ni ulinzi, yaani mwenzi humwondolea mtu upweke na kumshika mkono wakati wa shida, la pili ni mchujo, yaani mtu mwenye afya nzuri ya akili hupata mwenzi kwa urahisi zaidi, hata ndoa ikawa tunda la afya badala ya kuwa chanzo chake. Yote mawili huchukulia kwamba inajulikana wazi nani yumo ndani ya ndoa na nani hayumo. Katika kijiji cha Muheto, na katika vijiji vingine vya maeneo ya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hilo halijulikani kwa urahisi hivyo.

Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016 na kuweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18 kwa wote, inataka walau sehemu ya mahari iwe imekwisha kutolewa kabla ndoa haijafungwa mbele ya serikali. Masharti hayo yaliendana na maisha ya nchi ya malisho, ambako baba alimtengea mwanawe mbuzi au ng'ombe na shamba la kuanzia maisha. Tangu mapigano ya mwaka 1993, yaliyoanzia Walikale na kuenea Masisi, mifugo imeporwa mara kwa mara, mashamba yamegombaniwa na familia zimehama na kurudi na kuhama tena, hivyo kijana wa kiume hubaki na deni la desturi pasipo mali ya kulilipa. Wengi hutafuta fedha hizo katika machimbo ya madini, ya koltani huko Rubaya, Masisi, au ya kasiteriti huko Walikale, na wengine huishi na mwenzi bila mahari kutolewa. Kwa macho ya ukoo wa mke, kijana wa namna hiyo bado hajaoa, hata akiwa na watoto watatu. Naye mwanamke hana uhakika kama watoto hao watahesabiwa upande wa baba yao. Aibu inayodumu miaka mingi, isiyo na siku ya kukoma, yaweza kuwa mzigo mzito zaidi kwa akili kuliko ukapera wenyewe.

Hali ngumu zaidi ni ya mwanamke ambaye mume wake alipotea, ama alichukuliwa kubeba mizigo ya wapiganaji, ama walitenganishwa njiani wakati wa kukimbia. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza kwa kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, aliita jambo hili hasara isiyo na uhakika: aliyepotea hayupo, lakini hakuna kaburi, hakuna matanga, na hakuna anayethubutu kusema amekufa. Mwanamke huyo si mjane wala si mke. Akiolewa tena atalaumiwa, na akingoja atangoja pasipo mwisho. Huzuni yake haipewi nafasi ya kwenda hatua kwa hatua kama huzuni ya mfiwa. Watu wa nyumbani husema tu kwamba ana mawazo mengi, na kauli hiyo, ingawa si jina la ugonjwa, huwa imegusa ukweli.

Ukubwa wa tatizo la afya ya akili mashariki mwa Kongo umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari wa Marekani, uliohoji watu wazima 998 wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, ulikuta dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu nguvu, kwa takriban asilimia 41, na dalili za kiwewe, yaani kurudiwa na hofu ya tukio lililokwisha kupita, kwa asilimia 50. Pale ambapo nusu ya watu wazima wana dalili za kiwewe, kuoana kwaweza kuwa kuwaweka chini ya paa moja watu wawili walioumia, na kila mmoja kumtaka mwenzake amtulize kwa nguvu ambazo hana. Ndiyo maana kumshauri binti aliyebakwa, au kijana anayeota vita usiku, kwamba aoe au aolewe ili apone ni ushauri wa hatari, hata unapotolewa kwa upendo.

Kinacholeta nafuu kimeonekana papo hapo mashariki mwa Kongo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wanawake walionusurika ukatili wa kingono huko Kivu walikutana katika vikundi vijijini mwao, wakiongozwa na wanawake wenzao waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari, wakajifunza kuchunguza fikra za kujilaumu na kuzipima kama ni za kweli. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 tu ya waliokuwa katika vikundi walikuwa bado na dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi mkubwa, ilhali kwa waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Mbinu hiyo haikumtaka mwanamke awe na mume ndipo apone. Lakini jaribio hilo lilikuwa la wanawake peke yao, na mchimbaji wa Rubaya mwenye miaka 23, anayekwepa kwenda kwa wakwe kwa sababu hana hata mbuzi wa kwanza wa mahari, anahitaji kikundi cha aina hiyo hiyo, kilichoundwa kwa ajili ya aibu yake yeye.