Je, Wajua? Vijibao pacha hufichua uzito usioonekana

Chukua bembea mbili zenye urefu sawa, uziunganishe kwa springi laini. Ukisukuma moja, mwendo huhamia polepole kwa mwenzake, kisha hurudi. Sasa fupisha kidogo kamba za moja. Mwendo hukwama: bembea uliyoisukuma huendelea kuyumba, na ile nyingine hutikisika kwa shida.

Kukwama huko ni hazina kwa wahandisi wa vifaa vidogo mno.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitumia vijibao viwili vya dhahabu nyembamba, karibu pacha, vilivyounganishwa ili vitetemeke pamoja. Kimoja kilipobebeshwa chembe ndogo, masafa ya mtetemo hayakubadilika sana. Kilichobadilika, tena mara nyingi zaidi, ni mgawanyo wa mtetemo wenyewe: kijibao kipi kinacheza zaidi, na kwa kiasi gani.

Wazo la mwendo kunaswa mahali pamoja lina mizizi kwa mwanafizikia Philip W. Anderson, aliyeeleza mwaka 1958 jinsi elektroni zinavyonaswa ndani ya mata yenye mpangilio uliovurugika. Alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Uzuri mkubwa wa mbinu ya vijibao, pengine kuliko unyeti wenyewe, ni uvumilivu. Joto likipanda, vijibao vyote viwili huathirika pamoja, hivyo uwiano wa mitetemo yake hautikisiki sana. Leo mbinu hiyo hujaribiwa pia katika vipima mchapuko. Ila ina kikomo: muungano wa vijibao ukilegezwa, unyeti huongezeka. Lakini ukilegezwa kupita kiasi, masafa mawili ya mtetemo husogeleana hadi kifaa kishindwe kuyatenganisha.