Chupa Zilizovunjika na Zege la Nyumba Zetu

Hakuna mkazi wa mji asiyejua ukuta uliopandwa vigae vya chupa juu yake ili kumzuia mwizi. Fundi huweka saruji ikiwa mbichi, akachomeka vipande ncha juu, na kesho yake kazi imekwisha. Kwa hiyo mtu akisema kwamba chupa na saruji vinaweza kukaa pamoja hasemi jambo geni. Lakini ukuta ule haubebi kitu ila vigae vyenyewe. Nguzo hubeba, boriti hubeba, na sakafu ya ghorofa hubeba watu waliolala. Hapo ndipo lilipo shauri tunalotaka kulizungumza leo.

Fundi mwashi mmoja alitujia na swali. Bei ya kokoto imepanda, naye ana lundo kubwa la chupa zilizovunjika nyuma ya baa iliyo jirani na mahali anapojenga. Je, kuna ubaya gani akizipondaponda kwa nyundo na kuzitia katika zege badala ya sehemu ya kokoto? Tulimjibu kwamba asithubutu kufanya hivyo. Alitaka kujua sababu, naye alikuwa na haki, maana mfanya kazi haambiwi “usifanye” tu kama mtoto.

Chupa hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Katika kila kilo 100 za kioo cha chupa, kiasi cha kilo 70 au zaidi kidogo ni silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe. Tofauti ni kwamba silika ya mchanga imekwisha kutulia tangu zamani, na silika ya kioo imeyeyushwa motoni, kisha ikapoa kabla ya kupata nafasi ya kujipanga. Silika ya namna hiyo huliwa upesi na kitu kikali, na maji yaliyomo ndani ya zege ni makali mno. Kila kibarua aliyeshika saruji mbichi bila glavu anajua jinsi inavyomla vidole. Maji hayo hukila kioo, kukatokea ute unaofyonza unyevu na kuvimba. Zege likiwa limekwisha kuwa gumu, ute huo hauna pa kwenda, basi hulipasua.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba haujionyeshi mapema. Mbao zitafunguliwa, zege litaonekana zuri, fundi atalipwa na kwenda zake. Nyufa zitakuja baada ya miaka, naye mwenye nyumba hatajua amlaumu nani. Mwaka 1940 mhandisi Thomas Stanton, wa idara ya barabara ya jimbo la California nchini Marekani, ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza. Huko mkosaji hakuwa chupa bali mawe yenye silika isiyotulia. Lakini wataalamu wa Amerika ya Kaskazini walipojaribu, katika miaka ya 1960 na 1970, kutumia vipande vya chupa mahali pa kokoto, waliukuta ugonjwa ule ule. Tena uso wa kioo ni laini, na saruji haiushiki kama inavyolishika jiwe lenye makwaruzo.

Mambo yangekuwa hayo tu, tungefunga mjadala. Lakini katika miaka ya 1990 Christian Meyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walilichunguza jambo hili kwa kupima ukubwa wa chembe. Waliona kwamba kadiri vipande vinavyopungua, madhara huzidi, mpaka kufika kiasi cha milimeta moja hivi. Kutoka hapo madhara huanza kushuka, na chembe ikiwa ndogo sana hayaonekani tena. Kioo kilichosagwa kikawa unga laini, wa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimeta, si kwamba hakidhuru tu, bali husaidia.

Sababu yake si uganga. Saruji inaposhikana hutoa chokaa ambayo peke yake haina nguvu nyingi. Unga wa kioo, kwa kuwa ni laini na umeenea kila mahali, hukutana na chokaa hiyo mapema, na viwili hivyo hufanya gundi ya namna ile ile inayolishika zege. Warumi wa kale walifanya hivyo kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli, na hapa Tanzania majivu ya namna hiyo yametumika katika saruji ya Mbeya. Unga wa chupa ni ndugu wa majivu hayo. Lakini ni ndugu mwenye mwendo wa pole: zege lake huwa dhaifu zaidi katika siku 7 za mwanzo, likaja kufikia lenzake au kulipita baada ya miezi. Mwenye haraka ya kufungua mbao na asilisahau hilo.

Mfano ulio bora tunaoujua ni wa jimbo la Quebec, nchini Kanada. Huko mvinyo huuzwa na shirika la umma, na chupa zilizokusanywa zilikuwa zikivunjika na kuchanganyika rangi hata zikakosa mnunuzi. Shirika hilo likagharimia uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Sherbrooke tangu mwaka 2004. Matokeo yake, mjini Montreal, katika Île-des-Sœurs, yalijengwa madaraja mawili yaliyokamilika mwaka 2021, ambayo sehemu ya kumi ya saruji yake ni unga wa chupa. Chupa zilizoingia humo zakaribia 70,000. Mwaka 2020 shirika la viwango la ASTM la Marekani lilikuwa limekwisha toa masharti ya unga huo.

Faida yake ni dhahiri. Saruji huokwa kwa moto wa kiasi cha digrii 1,450, na viwanda vyake duniani hutoa kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Hata hivyo hatuoni busara ya kusaga chupa nzima. Chupa inayorudi katika kreti, ikaoshwa na kujazwa tena, ndiyo yenye thamani kubwa. Iliyovunjika karibu na kiwanda cha vioo irudi katika tanuri. Kinu tungekitaka kwa mji ulio mbali, kama Kigoma, ambako nauli ya kupeleka vigae Dar es Salaam yaweza kuzidi bei yake. Na viwanda vya saruji vinavyo vinu tayari, kwa kuwa saruji yenyewe husagwa.

Lakini chupa zioshwe kwanza, maana sukari kidogo tu ya soda huichelewesha saruji kushikana. Taa za mirija zina zebaki, na vioo vya televisheni za zamani vina risasi. Hivyo visiingie kabisa. Na wale wanaookota na kusaga wapewe glavu, miwani na vitambaa vya pua, kwa kuwa tumeona mara nyingi kazi ya takataka ikidhaniwa kuwa haina haja ya vifaa.

Kabla ya yote unga upimwe. Kipo kipimo cha kulaza vipande vya saruji katika maji makali yenye joto la digrii 80 kwa siku 14, kisha kupima vimerefuka kiasi gani. Siku 14 si nyingi kwa nyumba itakayokaliwa na wajukuu.

Yule fundi alituuliza mwisho kama angeweza kuzipeleka chupa zake kwenye mashine ya kusaga mahindi. Tulimwambia kwamba angeharibu mashine ya watu, na mtaa mzima ungekosa mahali pa kusagia unga. Tukamshauri awauzie wanunuzi wa chupa chakavu, na fedha atakayopata aiongeze katika kokoto.