Kivuli Hakina Bikoni

Ingia saa saba mchana, mwezi wa pili, kwenye mtaa wowote mpya pembezoni mwa Dar es Salaam. Viwanja vimepimwa vikapimika, bikoni ziko kila kona, kuta za matofali zimenyooka. Mahali pa kusimama ndipo hapapo. Waendesha bodaboda wamejibanza ukutani, kwenye kivuli chembamba kisichotosha hata kufunika pikipiki, na mama wa genge amehamisha ndoo yake ya nyanya mara tatu tangu asubuhi.

Mitaa hii ina historia yake. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza Mradi wa Viwanja 20,000 ili kupunguza ujenzi holela. Ukapima Kibada, Toangoma, Gezaulole, Buyuni, Mwanagati, Bunju, Mbweni, Mivumoni na kwingineko. Ardhi ile haikuwa pori tupu. Sehemu kubwa ilikuwa mashamba ya watu, yenye mikorosho, minazi na miembe ya miaka mingi. Ardhi kama hiyo inapotwaliwa, wathamini hupita wakihesabu mazao na miti ili mwenye shamba alipwe fidia. Kwa hiyo mwembe una siku moja tu ya kutambuliwa na serikali, nayo ni siku ya kulipiwa. Baada ya hapo, ukiangukia kwenye mstari wa barabara unang'olewa na greda. Ukibaki ndani ya kiwanja unamsubiri mnunuzi, na mnunuzi naye kazi yake ya kwanza ni kusafisha kiwanja. Tunaulipia mti, kisha tunaukata, halafu tunanunua mche.

Mpimaji angeweza kusogeza barabara mita mbili tatu akauacha mwembe ubavuni. Kwenye karatasi, mita hizo hazina gharama.

Kwa nini tuhangaike na kivuli? Tuanze juu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita na ushei mchana, ukuta uliosimama wima hautoi kivuli chochote cha maana, hata uwe mrefu namna gani. Kila mita ya mraba ya ardhi inapokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Lami mpya hufyonza zaidi ya asilimia 90 ya nguvu hiyo, na uso wake huweza kupita nyuzi joto 60. Kisha huirudisha taratibu, ndiyo maana saa mbili usiku bado unahisi joto likipanda kutoka chini.

Wazee wa pwani walilijua tatizo hili wakalitatua kwa njia yao. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, vichochoro ni vyembamba kuliko urefu wa nyumba zinazopakana navyo, basi asubuhi na jioni ukuta mmoja hukinga mwingine, na jua hugusa sakafu kwa muda mfupi tu. Mtaa mpya hauwezi kuiga hilo. Nyumba ni ya chini, imerudi nyuma ya ukuta, na barabara ina upana wa mita 10 au zaidi ili gari la zimamoto na la taka yapite. Ukishaitanua barabara hivyo, kitu pekee cha kuifunika ni mti.

Mti hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia miale isifike chini. Ya pili ni kuvuta maji kwa mizizi na kuyatoa majanini yakiwa mvuke, na kugeuza maji kuwa mvuke hula joto jingi. Lita moja hula karibu theluthi mbili ya uniti moja ya umeme wa LUKU. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha ukitoa lita 100 kwa siku, umeondoa joto la uniti 67 bila kuingiza token. Ila tusijidanganye: hewa ya pwani imeshiba unyevu, mvuke hautoki kwa urahisi kama Dodoma, na ubaridi huo husambaa upesi. Kwa Dar es Salaam faida kubwa ni ile ya kwanza, kivuli chenyewe. Kwa hiyo aina ya mti ina maana kubwa. Mwashoki mwembamba unaopendwa kando ya kuta ni nguzo yenye majani, kivuli chake hakimtoshi hata mbuzi. Mkungu hutandaza matawi kama dari, ingawa majani yake mapana huziba mitaro usipofagia. Mwarobaini huvumilia ukame na udongo duni. Mkrismasi ni mzuri kwa macho, lakini mizizi yake ya juujuu hunyanyua pevingi.

Na hapo kwenye mizizi ndipo tunapokosea zaidi. Watu hudhani mizizi huzama chini kama nguzo. Mingi hutambaa ndani ya mita moja ya juu, ikitafuta hewa na maji, na hufika mbali kupita matawi. Barabara, kwa upande wake, hushindiliwa mpaka udongo ukose matundu ya hewa. Mche ukipandwa kwenye shimo la mita moja kila upande, katikati ya udongo ulioshindiliwa, umepewa mita moja ya ujazo, wakati wataalamu wa Marekani hutaja kama mita za ujazo 28 kwa mti mkubwa. Hukua miaka michache, kisha hudumaa, au hunyanyua kile kilichouelemea.

Dawa ni ukanda wa udongo usioshindiliwa, upana wa mita 2, upande mmoja wa barabara, mabomba na nyaya zikipita upande wa pili. Hapo fundi wa umeme hatalazimika kuukata mti kichwa kila mwaka. Kwenye makutano ukanda ukomee mbali na kona ili dereva aone. Ukitaka kuchagua ni barabara zipi zianze, anza na zinazokwenda mashariki hadi magharibi, maana hizo jua huzifuata kutoka asubuhi hadi jioni.

Hesabu yake si ngumu. Chukua barabara ya mita 100 kwa 12, panda miti 12. Kila mmoja ukifikisha matawi ya kipenyo cha mita 8, unafunika mita za mraba 50. Yote pamoja 600, sawa na nusu ya barabara. Sehemu ya kivuli itaingia kwa jirani, na sidhani kama atakwenda kushtaki. Mwaka 2021 mtaalamu Cecil Konijnendijk alipendekeza kila nyumba ione miti 3, matawi yafunike asilimia 30 ya mtaa, na bustani isizidi mita 300 kutoka mlangoni. Kwenye viwanja vya ujazo wa juu, ambako nyumba hujaza kiwanja, asilimia 30 haiwezekani bila barabara kubeba mzigo.

Singapore, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, haikuwaachia wakazi jambo hili. Sheria yake ya bustani na miti ya mwaka 1975 iliwabana wajenzi na idara za serikali watenge nafasi ya miti kando ya barabara na kwenye maegesho. Sisi tumeweka kampeni za kupanda miti mahali pa sheria, na kampeni huisha na picha.

Ukienda kununua kiwanja, usiishie kuuliza bei na hati. Omba mchoro wa mipango miji, utafute ukanda wa miti kwenye hifadhi ya barabara. Kama haumo, mwambie anayekuuzia kwamba umepunguza bei.