Jikoni kwa Ruth

Mgeni alikuwa mmoja tu, na walaji wengine wanne walikuwa watu wa nyumbani. Ruth Inglis aliingoja siku hiyo kwa furaha. Chakula chenyewe hakikuwa cha makuu, na alikuwa na siku nzima ya kukiandaa. Saa ya kula ilipofika, mgeni alimkuta bado yumo jikoni. Vyakula vyote vilikuwepo. Kitu kimoja viwili vilikuwa motoni, lakini saladi haikuwa tayari, nyama haijaanzwa, na mpishi mwenyewe amechoka, amechanganyikiwa, hajui ashike lipi aache lipi.

Mgeni huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada. Miezi kama 15 kabla ya jioni hiyo, Desemba 1928, ndiye aliyefungua fuvu la dada yake ili kuondoa uvimbe uliokuwa ukimletea maumivu ya kichwa na kifafa. Uvimbe uliota katika ubongo wa mbele, upande wa kulia, na kuutoa kulimlazimu akate karibu upande huo wote. Ruth alipona jeraha. Alizungumza vizuri, alikumbuka mambo, na bado alijua kupika kila chakula kikiwa peke yake. Kilichopungua ni uwezo wa kuvisimamia vyote kwa pamoja: nyama itangulie kwa kuwa huchelewa kuiva, saladi isubiri, sufuria isisahauliwe wakati mikono inakata mboga.

Aliyewahi kupikia wageni pilau anaijua kazi hiyo, hata kama hajawahi kuifikiria. Mchele umo chunguni, kachumbari bado, mtoto analia, simu inaita, na katikati ya yote hayo mtu anakumbuka kupunguza moto. Wanasayansi huiita kazi hiyo udhibiti wa fikra, na makao yake makubwa ni ubongo wa mbele, nyuma tu ya paji la uso. Kuona na kusikia kuna sehemu zake nyingine. Huku mbele ndiko lengo linakoshikiliwa, inakoamuliwa habari ipi ipite na ipi ingoje, na mkono uliozoea njia yake unakozuiwa pale njia hiyo isipofaa tena.

Kushikilia huko kumeonekana katika seli zenyewe. Mwaka 1971, Joaquin Fuster na Garrett Alexander, waliofanya kazi Los Angeles, Marekani, walisikiliza ishara za umeme katika ubongo wa kima. Kima alionyeshwa chakula kikifichwa mahali pamoja kati ya pawili, kisha pazia likashushwa. Chakula hakikuonekana tena, lakini baadhi ya seli za ubongo wa mbele ziliendelea kutuma ishara wakati wote wa kungoja, mpaka kima aliporuhusiwa kuchagua. Hivyo ndivyo ubongo unavyobeba jambo ambalo haliko tena mbele ya macho.

Montreal iliendelea kufundisha. Katika taasisi aliyoianzisha Penfield, mwanasaikolojia Brenda Milner aliwapa wagonjwa kadi zenye maumbo yanayotofautiana kwa rangi, sura na idadi. Mgonjwa alitakiwa azipange bila kuambiwa kanuni, akisikia tu kama amepatia au amekosea. Akishapatia mara 10 mfululizo, kanuni ilibadilishwa kimyakimya: iliyokuwa rangi sasa ni sura. Mtu mwenye ubongo mzima hukosea mara chache, kisha huhama. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1963, wagonjwa waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo waling'ang'ania kanuni ya zamani, kadi baada ya kadi, huku wakiambiwa wanakosea. Kuna waliosema wenyewe kwamba wanakosea, na bado mkono ukarudi pale pale.

Mjini Paris, daktari François Lhermitte alieleza mwaka 1983 hali inayoshangaza zaidi. Aliweka vitu mbele ya wagonjwa wa aina hiyo bila kuwaagiza lolote, nao wakavitumia. Mgonjwa aliyewekewa miwani aliivaa. Alipowekewa nyingine, akaivaa juu ya ile ya kwanza. Walipoulizwa sababu, walijibu kwamba walidhani wanatakiwa kuvitumia.

Kwetu Afrika Mashariki, majeraha ya namna hii mara nyingi hutoka barabarani. Dereva wa bodaboda asiye na kofia ngumu akianguka na kichwa kikagonga lami, ubongo husukumwa, na sehemu yake ya mbele hugonga mifupa yenye kingo iliyo juu ya macho. Kijana anatoka hospitali akitembea, anawaita ndugu zake kwa majina, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Baada ya wiki chache maneno yanaanza. Amekuwa mvivu. Hana adabu tena. Anaanza kazi hamalizi, pesa anazitapanya, hasira ziko karibu. Wengine husema amerogwa. Inauma kusikia mtu akilaumiwa kwa tabia wakati kilichoumia ni kiungo, tena kiungo kisichovaa bendeji ya kuonekana. Ubongo wa mbele ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa kukomaa, hadi mtu afike miaka 20 na kitu, kwa hiyo baadhi ya vijana hawa huumizwa ujenzi ukiwa bado haujaisha.

Makaripio hayamrudishii kijana huyo alichopoteza. Husaidia kuigawa kazi vipande vidogo, kimoja kiishe ndipo kingine kianze. Kuandika hatua na kuzibandika ukutani. Kutega kengele ya simu. Kupanga siku zifanane. Zaidi ya yote, husaidia kuwa na mtu kando, wa kuuliza kwa upole: sasa kinafuata nini?

Jioni ile Ruth alipopata mtu wa kumsaidia jikoni, kazi iliyomshinda mchana kutwa ilikwisha upesi, na chakula kikawa tayari mezani.